Nilivyokataza Kuchoma Bure

Nilianza kumshuku mzee kwa sababu ya kopo. Lilikuwa kopo tupu la maziwa ya unga. Kila asubuhi, kabla hajawasha tanuri, alifagia sakafu yake kwa unyoya wa kuku, akakusanya unga wa rangi ya manjano iliyofifia, akautia ndani ya kopo na kulifunika. Taka nyingine zote alizitupa pipani. Kopo alilitia kwenye mfuko wake wa kitambaa, na jioni aliondoka nalo. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili niliandika kwenye daftari langu. Mara ya tatu niliandika pamoja na saa.

Kazi yetu ilikuwa kupima mawe. Wachimbaji wadogo walituletea mawe yao pale Biharamulo mjini, tukayasaga, tukayayeyusha ndani ya vyungu vidogo vya udongo, na mwisho tukawaambia kama kuna dhahabu na ni kiasi gani. Tulikuwa watatu. Bosi, mama mwenye maabara, muda mwingi alikuwa njiani akitafuta wateja. Mzee, mwenyeji wa Mugoma, alikuwa mchomaji tangu maabara ifunguliwe. Na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo huo, nipo kwenye miezi mitatu ya majaribio, nikiwa na wasiwasi wa kuwatosha watu sita.

Tanuri letu lilinunuliwa likiwa limetumika. Ndani yake, kutoka darini, zilining'inia elementi nane, kila moja fimbo ya kijivu yenye unene wa penseli iliyokunjwa kama herufi U. Umeme ukipita ndani yake zinang'aa mpaka nyeupe. Mzee hakuziita elementi. Aliziita pembe, kwa sababu zilimkumbusha ng'ombe wa kwao wenye pembe ndefu, na baada ya wiki moja hata mimi nilikuwa nikiziita hivyo.

Pembe hizo nilizifahamu kuliko kitu kingine chochote pale. Zimetengenezwa kwa molibdeni na silikoni, na mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa juu ya mchanganyiko huo huo. Nilikuwa nimeshindilia unga wake kwenye kalibu ndogo kama sarafu, nikauoka, nikaupima. Jambo moja nililojifunza ni kwamba jina la kitu halikuambii kitu. Unga ule ule ukisagwa laini, ukashindiliwa sawasawa na kuokwa kwa joto la kutosha, unatoka kitu kilichoshikana na chenye nguvu. Ukiharakishwa unabaki na vitundu vidogo visivyoonekana, na kila kitundu ni mlango. Jambo la pili ni kwamba kitu hiki kikipata joto kali hewani kinajivika ngozi nyembamba ya kioo, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia hewa isikile. La tatu, ambalo ndilo lililoniogopesha, ni kwamba kikiwa baridi kinakatika kama chaki.

Kwa hiyo wiki yangu ya kwanza nilitoa amri mbili. Mzee alikuwa na desturi aliyoiita kuchoma bure: pembe mpya ikifungwa, tanuri linawashwa tupu, bila chungu hata kimoja, kwa joto la juu kabisa, kutwa nzima. Niliona ni umeme unaopotea na nikakataza. Amri ya pili ilihusu mchana. Yeye alizima tanuri tukienda kula. Niliogopa pembe zikipoa na kupashwa tena kila siku zitapata nyufa, nikaagiza kwamba mchana lisizimwe, lishushwe mpaka nyuzi mia tano na libaki hapo mpaka turudi. Siku ambazo mawe yalikuwa machache, lilibaki hapo hata saa tano.

Mzee alisikiliza amri zote mbili akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Sawa, Injinia," alisema. Alikuwa amesema kitu kingine kabla ya hapo, nami nilikuwa nimekiandika, lakini nitakifikia.

Mwezi haujaisha, pembe tatu mpya, zilizofungwa wiki ile ile, zilikuwa zimekwisha. Hazikukatika kwa kishindo. Zilianza kuwa na madoa kama ukoga, zikavimba kidogo, kisha zikaanza kudondosha ule unga wa manjano juu ya vyungu vya wateja. Ya nne niliigusa kwa kidole, ikapukutika kama biskuti iliyopatwa na unyevu. Nilishtuka, na mtu mwenye hofu kama yangu hawezi kushtuka bila kumtafuta mwenye kosa.

Bosi aliporudi alipanga mabaki mezani.

"Vipande havitimii pembe nne," alisema. "Vingine viko wapi?"

Nilitazama ule mfuko wa kitambaa uliotundikwa ukutani. Aliona nilikotazama.

"Huyu mzee anazeeka," alisema kwa sauti ya chini. "Au ana lake. Niandikie ripoti. Nataka kujua ni nani anaziua hizi pembe. Kama ni yeye, mwisho wa mwezi aende akalime. Siwezi kumrudishia mteja jiwe lake na unga wa manjano."

Nilisema sawa. Nakiri kwamba nilihisi nafuu, kwa kuwa ripoti inayomhusu mtu mwingine ni ripoti isiyokuhusu wewe.

Kuanzia hapo nilimchunguza. Niliona kwamba pembe za zamani alizishika kwa mikono miwili na hizi mpya kwa mkono mmoja. Niliona kwamba anazigonga kwa ukucha na kusikiliza. Nikajiambia huyu anajua ipi ni halisi na ipi si halisi, na mtu anajuaje kama si yeye anayezibadilisha? Pembe zetu zilinunuliwa kwa mfanyabiashara wa Kabanga, mpakani. Nikapanga habari nzima kichwani: mzee anachukua pembe nzuri, anaziuza kule kule zilikotoka, anarudi na za bandia, na unga anauficha ili ushahidi usionekane. Ilikuwa habari iliyokamilika. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba sikuwa nimeona hata sehemu yake moja.

Jumamosi nilipanda basi kwenda nyumbani Mabawe. Mzee alikuwa amekaa viti vitatu mbele yangu. Mapajani alikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa kwa kanga, amekipakata kama mtoto mchanga. Siku iliyotangulia aliniambia anakwenda kwao Mugoma. Mahali pake pa kushukia palipita, hakushuka. Pangu palipita pia, sikushuka.

Pale Kabanga alipita katikati ya wabadilisha fedha bila kuwatazama, akaingia kwenye duka la vipuri: mikanda ya mashine za kusaga, mota za pampu, fimbo za kuchomelea. Jirani yake waliuza magodoro, yamesimamishwa nje. Nilijibanza nyuma ya godoro moja, nikasikiliza.

"Mzee wangu," mfanyabiashara alisema, "umeniletea mifupa?"

"Nimekuletea watoto wako." Alifungua kanga juu ya meza. Zilikuwa pembe mbili, moja nyeusi yenye kung'aa, nyingine ya kijivu iliyoliwa upande mmoja. "Huyu amekaa kwangu miaka miwili nikamtoa mzima, tanuri lilipobadilishwa waya. Huyu hakumaliza wiki tatu. Nimekuja kuuliza, baba yao ni mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Lile lile sanduku ulilochukua zamani, zilizobaki ndizo nilizomuuzia bosi wako juzi."

"Una hakika?"

"Mzee, nikuapie kwa watoto wangu wa kweli? Sanduku lile lile. Kamuulize anayewalea."

"Anayewalea siku hizi ana shahada."

Mfanyabiashara alicheka. "Basi huenda shahada ndiyo inayowaua."

Mzee hakucheka. Alizikunja pembe zake ndani ya kanga, akatoka, akasimama mbele ya godoro langu.

"Injinia," alisema, "toka huko. Godoro haliuzwi kwa kukumbatiwa."

Nilitoka. "Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, binti yangu. Umenifuata, au umepotea njia ya Mabawe?"

Alininunulia chai. Nafikiri hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angenitukana. Tulikaa kwenye benchi la mgahawa, akatoa lile kopo mfukoni na kuliweka kati yetu.

"Fungua. Tangu Jumatano ya wiki ile unalihesabu."

Ndani, unga ulikuwa kwa matabaka. Kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na karatasi iliyokatwa mviringo, na kila karatasi ilikuwa na tarehe kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Vile vipande vilivyokosekana vilikuwa humo pia.

"Bosi amekwambia uandike," alisema. "Wewe una shahada ya kukutetea. Mimi nina kopo. Tabaka la kwanza ni siku ya tano baada ya wewe kukataza kuchoma bure. Kabla ya hapo, miaka yote, sikuwahi kufagia unga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Uliandika kwenye hilo daftari lako."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikulifungua mbele yake.

Sikumwamini, na hili naliandika kwa sababu ni kweli. Njiani kurudi Mabawe nilijiuliza kama karatasi zile hazikuandikwa zote siku moja, kwa kalamu moja. Nilijiuliza kama mfanyabiashara na yeye hawakupanga mazungumzo yale baada ya kuniona nikishuka. Kisha nikaamua kwamba mwongo ni mfanyabiashara: ameuza pembe mbovu, zenye vitundu, zilizookwa kwa haraka. Niliipenda dhana hiyo mpya. Ilimwachia mzee kazi yake na mimi ikaniacha salama.

Jumapili nilimkuta mama nyuma ya nyumba na chungu kipya cha gulioni. Alikuwa akichemsha ndani yake uji mwepesi wa mtama, auache utokote mpaka jioni, kisha awamwagie kuku. Amefanya hivyo kwa kila chungu kipya tangu nizaliwe, na bibi kabla yake. Nilisimama nikautazama ule uji ukipanda na kushuka.

"Mbona unakitazama chungu kama kimekuibia?" mama aliuliza.

"Usipochemsha uji kwanza inakuwaje?"

"Kitavuja. Kina vitundu. Uji ndio unaoviziba." Alinitazama kwa makini zaidi. "Chuo miaka minne, hili hawakukufundisha?"

Walikuwa wamenifundisha. Hilo ndilo nililoanza kulihisi, kama jiwe dogo ndani ya kiatu.

Jumatatu nilimwomba mzee zile pembe mbili. Nilizipima uzito zikiwa kavu, nikazichemsha kwenye maji, nikazifuta na kuzipima tena. Ile mpya ilikuwa imekunywa maji. Ile ya zamani haikunywa karibu chochote. Niligeuka kumwonyesha mzee, nimefurahi kabisa.

"Unaona? Si ndugu. Hii imeokwa vibaya. Mfanyabiashara amekudanganya."

"Zivunje," alisema.

"Zote?"

"Ile mpya imekwisha kufa. Hii nyingine inaniuma, nimeitunza. Lakini ivunje, tuone ndani."

Zilikatika kirahisi, tak, tak, kama nilivyojua. Nilichukua lenzi tunayoitumia kutazamia punje za dhahabu. Ndani ya pembe mpya, vitundu vidogo kama ncha za sindano. Ndani ya pembe ya zamani, vitundu vile vile, vya ukubwa ule ule, kwa wingi ule ule. Tofauti ilikuwa ukingoni tu. Ile ya zamani ilikuwa imezungukwa na ngozi nyembamba inayong'aa, kioo kitupu, imefunga kila mlango. Mpya ilikuwa uchi.

Nilikaa chini. Mfanyabiashara hakuwa mwongo. Baba mmoja, mama mmoja, sanduku moja.

Hapo ndipo aya moja ya kitabu cha chuo iliponirudia, na namba ya ukurasa pia, maana mimi ni mtu wa kukumbuka ukurasa. Kitu hiki kinachostahimili joto la kuyeyusha chuma kina udhaifu mmoja wa ajabu: kwenye joto la kati, karibu na nyuzi mia tano, hewa inakiingia kupitia vitundu na nyufa kabla kioo hakijapata joto la kutosha kuumbika, inakila kutoka ndani, na kinageuka unga. Nilikuwa nimeipigia mstari. Nilidhani inawahusu watu wenye sampuli mbaya. Sampuli zangu nilizijaribu kwenye joto kali tu, kwa sababu ndiko zinakotumika. Halafu nikaja Biharamulo, nikakataza pembe zenye vitundu zisivikwe ngozi yao, na nikazikalisha kila mchana kwenye joto lile lile linaloziua. Kwa kuogopa nyufa.

Hata hapo nilitafuta pa kutokea. Nilimwambia mzee kwamba huu ni ushahidi wa kipande kimoja tu, hautoshi. Alichukua vipande viwili vya pembe mpya ambayo haijatumika, iliyokatika tukiifungua kwenye boksi, akakitia kimoja tanurini kwa joto la juu kabisa, kutwa. Kesho yake kilitoka cheusi kinachong'aa. Tukaviweka vyote viwili kwenye kisahani cha udongo, nikashusha tanuri mpaka mia tano mimi mwenyewe, na kwa siku tatu tuliviacha humo saa zote za kazi. Mzee hakukigusa kisahani bila mimi kuwepo. Mimi sikukigusa bila yeye kuwepo. Tulilindana hivyo bila kuambiana.

Siku ya tatu kipande kilichochomwa kilikuwa kama tulivyokiweka. Kile kingine nilikipuliza kwa mdomo, kikasambaa.

Mzee alichukua unyoya wake, akakusanya unga, akautia kwenye kopo, akaandika tarehe. "La mwisho," alisema.

Mchana ule nililifungua daftari. Ukurasa wa siku yangu ya kwanza, kwa mwandiko wangu: *Mzee anasema pembe isipochomwa bure kwanza itageuka unga. Anataka kuchoma bure kutwa nzima. Kwa nini? Anafaidika nini?* Maneno ya mwisho niliyapigia mistari miwili. Aliniambia jibu, nami nilichoandika ni namna ya kumshuku.

Ripoti ilinichukua siku mbili. Rasimu ya kwanza ilisema "utaratibu ulibadilishwa", bila kusema na nani. Niliichana. Ya pili ilianza na ubora wa pembe za Kabanga, kurasa mbili nzima, ambazo zote zilikuwa kweli na zote zilikuwa za kujificha. Niliichana nayo. Ya tatu ilikuwa ukurasa mmoja. Iliandika amri zangu mbili, kwa tarehe, na kwamba mchomaji alinionya siku ya kwanza. Nilibandika nakala ya ule ukurasa wa daftari, pamoja na ile mistari miwili. Nilikuwa nimebakiza wiki tano za majaribio.

Bosi aliisoma amesimama. Mzee alikuwa anapanga vyungu na hakugeuka.

"Kwa hiyo niliyetaka kumfukuza ndiye aliyekuwa sahihi," bosi alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe uliniacha nimfikirie vibaya mwezi mzima."

"Ndiyo."

Aliisoma tena tangu mwanzo, nami nikausoma uso wake kwa namna kumi na mbili, zote mbaya. Kisha akamwita mzee, akampa ile ripoti.

"Mzee, huyu nimfanye nini?"

Mzee aliifuta mikono yake, akaisoma polepole mpaka mwisho. Nilijua kwamba angeweza kusema neno moja nikapanda basi la kurudi nyumbani jioni ile.

"Mama, ameandika mwenyewe," alisema. "Kopo langu hakulitaja hata mara moja. Angeweza kusema ameliona kopo ndipo akajua, ikawa kama nimemshtaki. Amejishtaki. Mwache amalize wiki zake."

"Atamaliza. Lakini kuanzia leo hakuna amri ya tanuri bila sahihi yako. Akiandika, wewe unasoma, ukikubali unaweka sahihi. Usipokubali, linabaki lilivyo."

Pembe nne mpya zilifika wiki iliyofuata, kutoka duka lile lile la Kabanga. Niliandika karatasi: zifungwe, tanuri liwashwe tupu, joto la juu kabisa, kutwa nzima, na siku zinazofuata lizimwe mchana. Nikampelekea. Mzee alivaa miwani yake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Alifika mwisho, akarudi juu. Aligeuza karatasi kutazama kama kuna kitu nyuma.

"Hapa umeandika 'kutwa nzima'," alisema. "Kutwa yako ni saa ngapi?"

"Kama yako, mzee. Asubuhi mpaka jioni."

"Iandike."

Niliandika saa. Alisoma tena kutoka mwanzo, akanitazama juu ya miwani, akaitazama karatasi, kisha akanitazama tena. Nilijua mtazamo ule. Mimi ndiye niliyeuleta pale. Nilisubiri nimesimama, mikono nyuma, mpaka akachukua kalamu.